Majirani wa Busia: watoto wako likizo

Mama Shamim (19:04): Hamjambo majirani. Shule zimefungwa, watoto wamejaa uani. Nina swali kwa walimu wetu. Mtoto wa miaka minne anayepokonya kila kitu, akinyimwa anajitupa chini na kupiga mayowe, aanze kufundishwa wapi? Wengine wanasema ngoja akue.

Mwalimu Rehema (19:09): Hatujambo Mama Shamim. Usingoje. Kujizuia kunahitaji mazoezi kama kutembea, na kati ya miaka 3 na 5 ndipo kunapokua kwa kasi. Ila usianze wakati ameshajitupa chini, hapo hasikii somo lolote. Chuchumaa mlingane kimo, mtajie kinachomsumbua kwa maneno machache ("umekasirika, ulitaka mpira"), kisha nyamaza ukae karibu. Mpira usimpe kwa sababu ya mayowe. Somo la kupokezana ni la kesho asubuhi, akiwa ameshiba.

Mzee Odongo (19:11): Kunyamaza? Majirani watasema umeshindwa na mtoto 😄

Mwalimu Rehema (19:12): Waseme tu Mzee wangu. Ukimhubiria anayelia, kelele zinakuwa mbili.

Nesi Auma (19:15): Kabla hamjamwita mkorofi, angalieni usingizi. Mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Anayelala saa nne usiku kwa sababu ya televisheni na kuamshwa saa kumi na mbili hawezi kujizuia, hata umfundishe vipi. Na asiyeitika akiitwa apimwe masikio. Wapo wanaoitwa jeuri kumbe hawasikii vizuri, hasa wenye sikio linalotoa usaha.

Mama Shamim (19:17): Asante Nesi. Sasa hiyo kesho asubuhi tunafanya nini hasa?

Mwalimu Rehema (19:24): Chukua mpira wa vitambaa, kaeni watatu chini, miguu wazi. Mnausukuma taratibu, kila mmoja anasema "zamu yangu", halafu "zamu yako, Fulani". Dakika tano zinatosha, acheni kabla hajachoka. Siku ya tatu ongeza kungoja: anayesubiri anahesabu hadi tano, baadaye hadi kumi, baadaye wimbo mzima. Kosa la wengi ni kusema "subiri kidogo". Kidogo ni kiasi gani? Mtoto hajui saa. Mwambie "nikimaliza kumenya ndizi hizi tatu nakuja", azione zikipungua.

Mwalimu Rehema (19:25): Na ukimaliza uende kweli. Simu isikuzuie.

Baba Wafula (19:31): Hapo Mwalimu amegusa penyewe. Kule chuoni tunafundisha utafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, uliotoka 2013. Watoto 28 wa miaka 3 hadi 5 waliahidiwa vifaa vizuri vya kuchorea. Nusu yao waliletewa. Nusu nyingine mtu alirudi mikono mitupu akaomba radhi, na akarudia hivyo mara ya pili. Kisha kila mmoja akawekewa peremende laini moja: usipoila hadi nirudi, utapata mbili. Walioletewa vitu vyao walivumilia wastani wa dakika 12 hivi. Waliodanganywa, dakika 3 tu.

Mzee Odongo (19:33): Kwa hiyo mtoto wa watu si mlafi, amejua mkubwa hatimizi.

Baba Wafula (19:34): Ndiyo Mzee. Anayepokonya huenda amejifunza kwamba asichoshika sasa hivi hatakipata tena. Kwa hiyo ahidi kidogo. "Nitakununulia chapati" wakati huna pesa ni kumfundisha kunyakua. Afadhali useme "leo hapana", alie, kisha anyamaze.

Shangazi Nabwire (19:36): Samahani kukatiza, nani ana jerikeni ya lita 20 ya kuazima? Maji yamerudi lakini presha ni ndogo.

Nesi Auma (19:37): Ipo kwangu Shangazi, tuma mtoto achukue. Na huyo mtoto apewe ujumbe kamili wa kusema, tusiandike kikaratasi 😉

Mwalimu Rehema (19:42): Hiyo ni kazi nzuri sana ya kumkuza. Wa miaka 4 mpe agizo la mambo mawili, wa 6 matatu. Akurudie kwa mdomo wake kabla ya kuondoka: "nimsalimie Nesi, niombe jerikeni, niseme Shangazi atairudisha jioni." Asiporudia, hajashika, na kosa si lake bali la agizo refu. Akifika, Nesi usimmalizie maneno. Hesabu moja, mbili, tatu kimoyomoyo. Sisi walimu wenyewe tunauliza swali na kabla ya sekunde moja tumeshajijibu.

Mzee Odongo (19:45): Naunga mkono, lakini nina wasiwasi. Mkimzoesha kusema, atatujibu hovyo wakubwa. Heshima itakwenda wapi?

Baba Wafula (19:50): Mzee, heshima iko kwenye namna ya kusema. Mpeni maneno yenyewe. Akitaka kukatiza wakubwa, aguse mkono wa mzazi, angoje aangaliwe, aseme "naomba kusema jambo". Akipinga: "Babu, mimi naona tofauti." Mwachieni lugha anayoielewa, iwe Kisamia, Kiswahili au Luganda. Ukimlazimisha ajieleze kwa Kiingereza ambacho hana, utadhani ni mwoga kumbe amekosa maneno. Hata shuleni, mtaala wa Uganda wa darasa la kwanza hadi la tatu umetaka lugha ya eneo tangu 2007.

Mama Shamim (19:52): Na kuomba msamaha? Wangu wanasema "pole" kama kasuku halafu wanapigana tena.

Mwalimu Rehema (19:56): Kwa sababu "pole" imekuwa tiketi ya kurudi kucheza. Iache kwanza. Muulize: "Mtazame, uso wake ukoje?" Kisha atengeneze: aliyebomoa ajenge, aliyemwaga maji alete mengine. Neno litakuja lenyewe. Wakigombania kitu, kiwekeni juu ya meza, kila mmoja aseme anachotaka, mwenzake arudie alichosikia, watoe mapendekezo wenyewe. Mara za kwanza ni dakika kumi za kukuchosha. Ukiwaamulia kila mara, watakuita hadi sekondari.

Baba Wafula (20:01): Mweso, ule mchezo wetu wa bao, msiusahau. Ubao una mashimo 32 na kete 64, ni nyingi kwa mdogo. Wa miaka 5 na 6 wapeni safu moja ya mashimo manane kila mmoja, kete mbili kila shimo, wajizoeze kudondosha kete moja moja kila shimo bila kuruka. Sheria zikubaliwe kabla ya kuanza. Na wewe mkubwa usimwachie ashinde kila siku, wala usimcharaze mfululizo. Anza na kete chache kuliko zake, mechi iwe ngumu kwenu wote. Akishinda usimwambie "una akili sana". Mwambie ulichoona: "ulihesabu kwanza ndipo ukasogeza."

Mzee Odongo (20:03): Hapo sasa mmenipa kazi. Ubao ninao, Jumamosi saa tatu waje wanne, wasizidi. Kete zimebaki 61.

Shangazi Nabwire (20:04): Maharage matatu nitaleta na jerikeni.