Tupeane uzoefu: Kiingereza kilipoamua jambo lako (wa Mtwara na Lindi karibuni)

Wa Mikindani
Wakuu, salaam. Naomba kila mwenye mfano wake autoe, maana jambo hili linatugusa na hatulisemi. Hapa Mikindani boma la Wajerumani bado limesimama, lakini hakuna mtoto wetu anayefelishwa kwa sababu ya Kijerumani. Wajerumani walishindwa vita, Mwingereza akakabidhiwa Tanganyika, lugha yake ikaingia maofisini na mahakamani. Bendera yake ilishuka 1961, lugha ikabaki, kwa sababu wakati huo Marekani ilishakuwa na nguvu kuliko yeye, nayo inasema hichohicho. Mikopo, meli na mikataba ya gesi vyote vikaja nacho.

Yangu ni ya mkutano wa kijiji. Wataalamu walikuja kuhusu maeneo yatakayopitiwa na mradi. Makabrasha yalikuwa Kiingereza kitupu. Wino wa muhuri ukazungushwa, wazee wakibonyeza dole gumba kwenye mstari uliowekewa alama ya X kwa penseli. Mzee mmoja akauliza ibara ndefu ya ukurasa wa mwisho inasemaje. Akajibiwa, "Hayo ni ya kisheria tu, mzee wangu." Hakuna aliyeisoma. Tangu siku hiyo zile dole gumba zinahesabiwa kuwa ridhaa ya kijiji kizima. Naumia mpaka leo.

Mama wa Newala
Shikamooni wakubwa. Nafundisha baiolojia sekondari. Nina mwanafunzi wa kike, baba yake ana mikorosho. Muulize habari za ubwiriunga, ule ugonjwa wa kuvu unaoshambulia mikorosho, atakueleza ukungu wa asubuhi unavyouamsha, unga mweupe unavyoanza kwenye maua na machipukizi, kwa nini salfa ipulizwe alfajiri upepo ukiwa umetulia. Nikamletea swali la kuvu kwenye mtihani, kwa Kiingereza. Akaandika jina lake na tarehe, basi. Kwenye matokeo anaonekana hajui kitu, na mimi niliyemsikia akieleza najua kwamba anajua kuliko vitabu vyangu.

Tusidhani haya yalitokea yenyewe. Tume ya Makweta, iliyoundwa na Rais kuchunguza elimu nchini, ilipendekeza mwaka 1982 sekondari ihamie Kiswahili. Serikali ikakataa. Miaka michache baadaye Uingereza ikatoa fedha za mradi wa kuimarisha Kiingereza mashuleni. Anayetoa fedha naye ana lugha yake.

Mvuka Ruvuma
Mimi Mmakonde, ndugu zangu wengine wako Mueda, Msumbiji. Msibani tunalia kwa lugha moja. Mtu akipelekwa hospitali ng'ambo, cheti kinatoka kwa Kireno. Akiletwa huku, Kiingereza. Mto uliwekwa kuwa mpaka na Wajerumani na Wareno mwaka 1886, na sisi hatukuulizwa. Wajomba zangu walipita kambi ya Nachingwea na FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, wakarudi Msumbiji iliyo huru 1975, na Kireno ndicho kikafanywa lugha ya serikali.

Mkitaka kuona siasa inavyobadilisha lugha, tazameni Rwanda. Mwaka 2008 iliamua kufundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na 2009 ikaingia Jumuiya ya Madola. Walimu waliosomea Kifaransa maisha yao yote wakaanza upya.

Karani wa Bandarini
Niseme kweli, mimi Kiingereza kimenilisha. Msimu wa korosho meli zikitia nanga Mtwara, ofisa wa meli ni Mfilipino au Mhindi, makaratasi yote Kiingereza. Ndiyo sababu nashika kalamu wakati wenzangu wanabeba magunia. Kukilaani siwezi. Ila nikiri, wale wabebaji siyo wajinga kuliko mimi. Tofauti ni kwamba baba yangu alimudu kunipeleka shule ya kulipia.

Wa Mikindani
Kaka, nakuelewa kabisa, na watoto wafundishwe Kiingereza vizuri kama somo. Ninachokidai ni hiki: ibara inayochukua shamba la mtu iandikwe kwa lugha anayoisoma mwenye shamba.

Mwanalindi
Kwetu lilikuwa shauri la ardhi ya ukoo. Lile la kwanza, kaka yangu alitoka mahakamani hajui kama ameshinda au ameshindwa, mpaka wakili alipomwambia pale chini ya mwembe, na kwa sentensi moja. Hukumu ilikuwa kurasa nyingi za Kiingereza, tukaifungia kabatini.

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza bado kinaruhusiwa inapobidi. Shauri la pili likaja baada ya hapo. Nakala ikatoka kwa Kiswahili. Shangazi, aliyeishia darasa la nne, akavaa miwani akaisoma barazani mwanzo mpaka mwisho, akafika mahali akasema, "Hapa amekosea mipaka, mnazi wa babu haukuwa upande huu." Tulishindwa, ila rufaa tuliyokata imejengwa juu ya mnazi huohuo.

Ndugu wa Likong'o hapa Lindi, kwa ule mradi wa gesi wa kwenu: siku mkiletewa karatasi, ombeni ya Kiswahili kabla hamjashika kalamu, na ombeni mbele ya mkutano ili iandikwe kwenye muhtasari.