Circe, Penelope au Briseis: nianze na nani?

Msomaji wa Usiku: Wakuu, habari za jioni. Juzi nimemaliza Odisea, ule utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer, na wanawake wake wamenikaa kichwani kuliko shujaa Odysseus mwenyewe. Nasikia kuna riwaya zinazosimulia upande wao. Mwezi huu nina hela ya kitabu kimoja tu: "Circe" ya Madeline Miller (2018), "The Penelopiad" ya Margaret Atwood (2005) au "The Silence of the Girls" ya Pat Barker (2018), kile cha Briseis wa Iliadi, utenzi mwingine wa Homer?

Binti Pangani: Circe, wala usijiulize mara mbili. Kwa Homer anapita tu: anawageuza mabaharia nguruwe, analala na Odysseus, mwaka unaisha, kwaheri. Miller anampa utoto, ndugu wa kumdhihaki, mtoto wa kulea peke yake kisiwani. Na sababu ya wale nguruwe utaielewa, sikwambii. Katikati kinajikokota kidogo, vumilia.

Kobe: Dada, Circe ni binti wa mungu wa jua. Hata akionewa ana dawa zake. Mimi nawawaza wale wajakazi 12. Kitabu cha 22 cha Odisea: wanabebeshwa maiti za waliokuja kumposa Penelope, mke wa Odysseus, wanalazimishwa kufuta damu mezani, kisha Telemachus, mwana wa Odysseus, anawanyonga kwa kamba ya merikebu. Bibi yao yuko juu, amelala. Homer anawafananisha na ndege walionaswa. Miguu ikatapatapa kidogo, basi. Atwood amewarudisha kama kwaya. Wanaimba wimbo wa kuruka kamba, wanaimba wa mabaharia, mpaka kesi inafika mahakamani.

Msomaji wa Usiku: Wajakazi au watumishi? Tafsiri yangu ya Kiingereza inasema watumishi.

Kobe: Mtumishi ana mshahara, mkuu. Emily Wilson alipoitafsiri Odisea mwaka 2017 aliandika waziwazi kuwa ni watumwa. Kiswahili neno kinalo tangu zamani, na mtu wa pwani haulizi mjakazi alilipwa shilingi ngapi.

Mama Zuhura: Na Briseis ni suria, wanangu, si "mpenzi wa Achilles". Mumewe aliuawa na Achilles, shujaa wa Wagiriki kwenye vita vya Troya, kaka zake watatu wakafa siku hiyohiyo, yeye akagawiwa kama nyara. Agamemnon, mfalme mkuu wa jeshi la Wagiriki, akamnyang'anya Achilles mwanamke huyo, na ghadhabu yote ya Iliadi ikaanzia hapo. Mwenyewe anasema mara moja tu, akimlilia Patroclus, rafiki wa Achilles. Barker kampa kinywa, ila nina kinyongo naye: mbele ya safari anamwacha na kumfuata Achilles sura kadhaa. Hata kwenye kitabu chake amekatizwa maneno! Lakini maisha ya kambini, kulala na mtu aliyekufanya mjane, hayo kayaandika mpaka nikakifunga kitabu nikaenda kunywa maji.

Binti Pangani: Kwa suria nimekubali, Mama. Kwa raha ya kusoma bado nipo na Circe.

Msomaji wa Usiku: Nachukua Penelopiad, wajakazi wamenishinda. Mama Zuhura, hicho cha Barker unaazimisha?

Mama Zuhura: Cha mwisho nilichoazimisha kilitoka kabla ya mfungo, mpaka leo hakijarudi. Njoo usomee barazani.