Zile galaksi tano za Stephan, mikia imetoka wapi?

baraza_la_usiku: Wakuu salama? Jana nilikuwa naangalia tena ile picha ya Kundi la Stephan iliyopigwa na darubini ya James Webb, ile iliyotoka Julai 2022, sasa mle kuna galaksi ina mkia mreeefu. Nasikia zikikaribiana zinavutana hadi zinaharibika ila mi sielewi, kama ni kuvutana tu si zingesogeleana nzima nzima? Mkia wa upande wa pili unavutwa na nani?

mvuvi_mstaafu: Mi mtu wa pwani ngoja nikupe ya bahari. Mwezi unavuta maji ya upande wake kuliko unavyovuta katikati ya dunia, na upande wa nyuma unauvuta kidogo kuliko pote, yaani ule unaachwa nyuma, ndo maana maji yanajaa pande zote mbili na sisi tunaona kujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Galaksi nayo inarefushwa hivohivo kama donge la chapati, halafu kwa kuwa inazunguka, nyota na gesi za pembeni zinachomoka zinapinda zinakuwa mkia. Umbali ukipungua nusu hiyo nguvu ya kurefusha inakuwa mara 8!! Kukaribia kidogo tu balaa.

Ngc_fan: Hapo sawa mzee wangu. Niongezee, kwenye vikundi vidogo vilivyobanana galaksi nyingi zinapishana taratibu, kilomita mia mbili mia tatu kwa sekunde, kwa hiyo zinashikana muda mrefu. Kwenye makundi makubwa ya mamia zinapita kasi mno, hazipati nafasi ya kuvurugana sana. Ila hapa kwa Stephan kuna mkorofi mmoja, galaksi iliyoandikwa NGC 7318B kwenye orodha ya vitu vya angani, kaingia na kilomita zaidi ya 800 kwa sekunde akaigonga gesi iliyokuwa imeshamwagika katikati toka mivutano ya zamani, ikachemka mpaka inatoa eksirei.

baraza_la_usiku: Duh. Na nyota zenyewe hazigongani?

Ngc_fan: Hazigongani, zimeachana mno, zinapishana tu. Kinachogongana ni gesi. Mwone NGC 7319, gesi yake ya haidrojeni karibu yote imetolewa nje, na humo nje kwenye mikia ndo nyota mpya zinazaliwa. Galaksi inabaki kama nazi iliyokunwa.

mvuvi_mstaafu: Halafu msidanganyike na hiyo tano. Stephan, yule mwanaastronomia Mfaransa, alipoziona kule Marseille 1877 alihesabu alichokiona, lakini NGC 7320 haimo, iko miaka nuru (umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka) kama milioni 40 tu na wenzake wako karibu milioni 290. Ni mpita njia aliyetokea kwenye picha ya harusi 😂

baraza_la_usiku: Nimerudi kuikuza picha, ni ile ya kushoto eeh? Kweli aisee, yenyewe naona nyota mojamoja kama chumvi, zile zingine ukungu mtupu.