Naomba msaada: njia ya kimya ya kupanda Kilele cha Mbeya Jumamosi hii

Mgeni wa Sae
Habari za jioni wanajukwaa. Moja kwa moja kwenye mada. Jumamosi nataka kupanda Kilele cha Mbeya, ila sitaki njia ya kila mtu. Nasikia kuna ya Mbalizi kwenye mashamba ya kahawa, na nyingine unaingilia barabara ya Chunya. Ipi haina watu? Mvua zimeanza na usingizi hauji tangu juzi. Wenye uzoefu tafadhali, matusi sitaki.

Ndaga Fijo
Achana na hicho kilele, njoo Mlima Rungwe. Karibu mita 2,960, msitu wenyewe umeshiba, na ukiwa na bahati unamwona kipunji, kima ambaye wanasayansi walikuja kumjua 2003 wakati wawindaji wetu walishamjua siku nyingi. Huko kwenu ni nyasi na upepo tu.

Fundi Redio
Rungwe apande nani na mvua hizi? Nenda Ziwa Ngozi. Mimi nilimpeleka mchumba pale, tumeshukia barabara ya Tukuyu, yeye kavaa kandambili za kung'aa. Kule mwishoni njia inasimama wima, unashika mizizi kwa mikono. Kandambili ya kwanza ilikatika, ya pili akanirushia. Tumefika juu, ziwa lote ukungu, hatukuona hata tone. Sasa hivi ni mke wa mtu Makambako.

Mama Chipsi Mwanjelwa
Pole kaka 😂 Ila mtoa mada, hujasema mko wangapi.

Mgeni wa Sae
Wachache tu dada. Nijibuni njia.

Mstaafu wa Misitu
Kijana, nakujibu ulichouliza. Njia ya Chunya unaifuata kilomita kama 13 kutoka mjini, ndipo unakunja kushoto kwa njia ya vumbi, na gari likikubali kufika mwisho wake mguu unabaki kama saa moja. Ya Mbalizi inapanda kwa ukali zaidi. Sasa sikiliza jambo ambalo hukuuliza. Ukungu ukishuka, vijia vya ng'ombe na vya wakata kuni vinafanana na njia yenyewe, na mgeni hajui kipi kinarudi kwa watu. Kule juu ni nyasi tupu, hakuna mti wa kuzidi urefu wako, na msimu huu radi zinaanza mchana. Ondoka alfajiri. Saa sita ikikukuta hujafika, geuka. Na mchukue mwenyeji wa kijiji cha chini, mlipe vizuri.

Mgeni wa Sae
Asante mzee, shikamoo. Mwenyeji sihitaji, ramani ipo kwenye simu.

Mama Chipsi Mwanjelwa
Wachache wangapi kaka?

Mgeni wa Sae
Kumi na wawili. Wanatoka Dar, ofisi moja, wanatua Songwe Ijumaa jioni.

Kinyozi wa Kabwe
Kumi na wawili ndio wachache! Na mtu mwenye kundi la kumi na wawili anatafuta kimya cha nini? Kimya tafuta ukiwa na demu. Nani anawaongoza?

Mgeni wa Sae
Mimi.

Kinyozi wa Kabwe
Umeshapanda huo mlima?

Mgeni wa Sae
Nauona kila siku nikifungua dirisha. Kupanda mlima si kurusha ndege jamani. Nimepanda Uluguru nikiwa shule.

Mama Chipsi Mwanjelwa
Wamekulipa?

Mgeni wa Sae
Ni mchango tu. Elfu 45 kila mtu, chakula humo humo.

Wakili wa Mtaa
Sasa tumefika. Unataka njia isiyo na watu ili usikutane na waongozaji wenye leseni. Kuongoza watalii kwa malipo kunahitaji leseni ya Wizara ya Maliasili na Utalii, hata ukibatiza mchango. Mmoja akivunjika mguu huko, hiyo ofisi ya Dar haitauliza habari za ramani.

Mgeni wa Sae
Mimi sijasema ni watalii, ni Watanzania wenzetu. Na nusu ya kosta nimeshalipa, mwenye gari harudishi. Mnataka niwaambie nini saa hizi? Nimenunua kreti sita za maji, mikate, mayai nitachemsha Ijumaa usiku. Nimechapisha hadi tangazo.

Baba Paroko Mstaafu
Vijana mmekuwa wa picha mno. Sisi mlimani tulikwenda kutafuta kuni na dawa, tukapita kwa wazee wa Kisafwa kubisha hodi kwanza. Sasa mtu anauza mlima asioujua.

Fundi Redio
Tuwekee hilo tangazo mkuu.

Mgeni wa Sae
*[picha]* "TUPANDE KILELE CHA MBEYA". Mkiona la kurekebisha semeni.

Kinyozi wa Kabwe
Wakuu, chai hii, stori ya kutunga. Angalieni picha. Minara yote hiyo ni Loleza! Loleza ndio unaotukalia hapa mjini, mita 2,656, una minara ya mawasiliano kichwani. Kilele cha Mbeya kiko magharibi huko juu ya Mbalizi, mita 2,800 na ushee, na mnara hakina. Mtu anayekaa Sae, hapa hapa Mbeya mjini, hawezi kukosea. Huyu yuko Sinza, Dar, anatufurahisha.

Ndaga Fijo
Nilishangaa mtu wa Mbeya kulalamika usingizi badala ya baridi.

Fundi Redio
Mimi nimetoa siri ya kandambili kwa ajili ya chai?? Muheshimiwa msimamizi, ufunge.

Mgeni wa Sae
Chai ya nini? Nimehamia Septemba, natokea Morogoro! Mlima unaoonekana dirishani kwangu una minara, nikajua ndio huo huo wa Mbeya. Nimeweka risiti ya kosta hapo chini, tazameni tarehe.

Mama Chipsi Mwanjelwa
Risiti naiona, ya kweli. Na mwenye gari namjua, kosta yake mlango unafungwa kwa kamba. Sasa ni afadhali ingekuwa chai.

Mstaafu wa Misitu
Mwanangu, chai au si chai, Loleza usiwapeleke kabla ya kuuliza ruhusa, ile minara ina wenyewe. Kwenye kilele, kosta haiendi ile njia ya vumbi ikilowa. Halafu watu wa pwani wanalala mita 1,700 usiku mmoja, asubuhi unawapandisha 2,800, wawili watatu wataumwa kichwa. Waambie waje na koti, huko juu ni nyuzi sita au saba chini ya mjini, upepo hujauhesabu. Kijana wa kule chini ninaye, anaijua njia gizani. Nimekutumia namba inboksi.

Mgeni wa Sae
Nimeiona mzee. Anataka elfu 60.

Wakili wa Mtaa
Umekusanya laki tano na elfu arobaini.

Mgeni wa Sae
Ukitoa kosta, maji na mikate hesabu inabana, hamjui tu. Lakini sawa, nitamchukua huyo kijana, tupite njia ya Chunya, kosta tuiache lami. Swali la mwisho naomba mnijibu bila kejeli: mtu aliyelipa akishindwa kufika juu, ana haki ya kudai hela yake?