Mahakama za Marsabit: ni nani huamua zikae wapi?

Mwalimu wa Chalbi

Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 459,785 katika Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, nao wametawanyika katika eneo la takriban kilomita za mraba 70,000. Mahakimu wetu hukaa Marsabit na Moyale, miji ambayo yote miwili iko kando ya barabara kuu itokayo Isiolo. Shahidi wa Loiyangalani akiitwa mahakamani Marsabit, ana safari ya zaidi ya kilomita 200, na mvua ikinyesha na Jangwa la Chalbi likafurika, watu wa North Horr hukwama na kesi zao huahirishwa. Tunaye gavana na tunalo bunge lenye wawakilishi wa wadi zote 20. Kwa nini bunge hilo lisipitishe sheria ya kuanzisha mahakama katika kila kaunti ndogo?

Wakili wa Nyanda

Mwalimu, bunge la kaunti halina mamlaka hayo. Kifungu cha 176 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba serikali ya kaunti ina bunge na kamati ya utendaji, basi. Mkono wa tatu, yaani mahakama, haukugatuliwa, na Jedwali la Nne limeziweka mahakama miongoni mwa kazi za serikali ya kitaifa. Hata mtu anayeshtakiwa kwa kuvunja sheria iliyotungwa na kaunti yenyewe hupelekwa mbele ya hakimu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma za Mahakama. Mahali pa kuketi mahakama ya hakimu hutangazwa na Jaji Mkuu katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Mpango huu mimi nauunga mkono, kwa sababu hakimu anayelipwa na gavana angepata taabu kuamua kesi ambayo mshtakiwa ni kaunti. Hata hivyo, Kifungu cha 6(3) kinavitaka vyombo vya kitaifa vihakikishe kwamba huduma zao zinafikika kwa kiasi kinachofaa katika sehemu zote za Jamhuri, na Kifungu cha 48 kinasema kwamba ada isiwe kizuizi cha haki. Wananchi wa Marsabit wana msingi wa kikatiba wa kudai mahakama ya karibu, ila wanapaswa kuidai kwa Idara ya Mahakama.

Mzee wa Laisamis

Wakili amesema kweli, na mfano tunao. Ekari 150,000 za mradi wa umeme wa upepo ulioko Laisamis zilitengwa na lile baraza la zamani la kaunti, kabla ya ugatuzi. Wakazi walishtaki mwaka 2014, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hatimiliki zilitolewa bila kufuata utaratibu wa sheria. Sidhani kwamba mahakama iliyo chini ya baraza lile ingethubutu kuamua hivyo. Linaloniuma ni kwamba wafugaji walilazimika kuifuata haki hadi kaunti nyingine, kusini kabisa mwa nyumbani kwao.

Mwalimu wa Chalbi

Nimeelewa, na nawashukuru. Je, kuna lolote ambalo kaunti inaweza kulifanya leo? Na wazee wetu nao wana nafasi gani kisheria?

Wakili wa Nyanda

Lipo, Mwalimu. Barabara za kaunti ziko mikononi mwa gavana, na katika nchi kame kama yetu barabara inayopitika wakati wa mvua humfikisha shahidi kwa hakimu. Kaunti inaweza pia kutenga kiwanja. Kuhusu wazee, Kifungu cha 159 kinaitaka mahakama iendeleze usuluhishi wa kimila mradi haukiuki Sheria ya Haki, yaani sura ya Katiba inayolinda haki za binadamu. Maafikiano ya Maikona ya 2009 kati ya Wagabra na Waborana, yaliyoweka fidia ya mifugo, yanaonyesha uwezo wa njia hiyo. Tahadhari yangu ni moja: kesi za ubakaji na mauaji zisimalizwe kwa ng'ombe.

Hatua ya kwanza iwe Kamati ya Watumiaji wa Mahakama ya Marsabit, ambamo hakimu huketi pamoja na polisi, waendesha mashtaka na wawakilishi wa jamii. Andikeni barua, mtaje vijiji na umbali wake, kisha mwombe hakimu aje kusikiliza kesi North Horr na Loiyangalani kwa ratiba inayojulikana, jinsi mahakama zinazohamahama zinavyofanya katika maeneo mengine kame.