Tupeane uzoefu: programu mbili, kompyuta moja, na bado hazisikilizani

Mkesha
Wakuu, salaam. Jana nimelala saa tisa usiku kwa sababu ya programu mbili zinazokaa kwenye mashine moja. Hakuna waya wala ruta ya kusingizia. Moja ni seva (inayosubiri kuitwa), nyingine ni mteja (anayeita). Seva inatangaza iko poti 8080, yaani mlango wenye namba hiyo, mteja akigonga anaambiwa muunganisho umekataliwa. Nimezima fayawoli, nimewasha mashine upya, nimesoma msimbo mpaka macho yakauma.

Mwisho ndipo nikaandika `ss -ltnp`, amri ya Linux inayoonyesha nani anasikiliza poti gani, nikacheka peke yangu. Seva ilikuwa inasikiliza kweli, ila poti 36895! Nimeiandika kwa C nikasahau `htons`, inayopanga baiti za namba ya poti kwa utaratibu wa mtandao. 8080 kwa heksadesimali ni 1F90. Prosesa yangu hutanguliza baiti ndogo, mtandao hutanguliza kubwa, kwa hiyo ikasomeka 901F, ambayo ndiyo 36895. Ule ujumbe wa "niko 8080" nilikuwa nimeuandika mwenyewe kwa `printf`. Nilikuwa naamini maneno yangu.

Leteni na yenu, nisione aibu peke yangu.

Poti_Tupu
Pole mkuu. Mimi neno `localhost`, jina la mashine yenyewe, ndilo lililonitoa jasho. Seva imefungwa kwenye 127.0.0.1, anwani yake ya IPv4, miaka yote inafanya kazi. Nikapandisha Node.js, inayoendesha mteja wangu wa JavaScript, hadi toleo la 17, mteja akaanza kukataliwa. Kumbe kabla ya hapo ilikuwa inatanguliza IPv4. Toka 17 inachukua anwani kwa mpangilio ule ule mfumo unavyozitoa, na kwangu ya kwanza ilikuwa ::1, yaani mashine hiyo hiyo kwa IPv6. Seva haikuwa na habari na IPv6. Nikaandika 127.0.0.1 waziwazi, nikaenda kulala.

mama_bagi
Konteina, yale maboksi ya kuendeshea programu zikiwa zimetengwa na mashine. 127.0.0.1 ndani ya konteina ni konteina yenyewe, si kompyuta iliyoibeba. Siku mbili zangu zilipotelea hapo, sina la kuongeza.

Kimya Kingi
Ninyi mnakataliwa, afadhali. Kukataliwa ni jibu: mfumo endeshi unakwambia papo hapo kwamba poti hiyo haina mwenyewe. Langu lilikuwa kimya. Mteja anaunganishwa vizuri, anatuma, halafu hakuna kitu. Nikashikilia kwamba seva iko hai, maana mbona imepokea muunganisho?

Haikupokea. Ukishaita `listen` (kuanza kusikiliza), kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ndiyo inayokamilisha kusalimiana kwa TCP, itifaki ya muunganisho, na kumweka mgeni kwenye foleni, hata kama programu haijaita `accept` ya kumpokea. Seva yangu ilikuwa imekwama kusubiri faili fulani, wageni wamejaa mlangoni na kila mmoja anadhani ameshakaribishwa. Siku hizi kwenye `ss -ltn` naangalia safu ya Recv-Q: kwa soketi (ncha ya muunganisho) inayosikiliza, namba hiyo ni ya wanaosubiri. Ikipanda bila kushuka, tatizo ni programu, mtandao mwauonea bure.

Poti_Tupu
Hiyo ya Recv-Q sikuijua. Asante.

Fundi wa Zamu
Mimi situmii TCP humu ndani, natumia soketi za Unix, ambazo anwani yake ni faili badala ya poti. Programu ikafa ghafla, nikiiwasha inasema anwani inatumika tayari. Nani anaitumia? Hakuna. Faili la soketi lilikuwa limebaki pale pale, na `bind`, inayoipa soketi anwani, haikubali kulikuta. Nalifuta kwanza kwa `unlink`, basi.

Mkesha
Si ndiyo ile ya kusubiri dakika moja, mkuu?

Fundi wa Zamu
Hapana, hiyo ni TIME_WAIT ya TCP, muda wa kungoja baada ya muunganisho kufungwa, sekunde 60 kwenye Linux, dawa yake ni kuwasha chaguo la SO_REUSEADDR. Faili halina subira hiyo. Usipolifuta litakuwepo hata kesho.

Nusu_Ujumbe
Yangu iliunganika vizuri, ikaharibika baadaye. Nilidhani kila `send` (kutuma) moja hufika kwa `recv` (kupokea) moja, na kwa JSON ndogo, data iliyoandikwa kama maandishi, ilikuwa hivyo miezi kadhaa. Orodha ikakua, JSON ikaanza kufika vipande. TCP ni mkondo wa baiti, haijui ujumbe wako unaishia wapi. Sasa natanguliza baiti 4 za urefu, kisha nasoma mpaka zitimie.

mama_bagi
Mkesha, hukutuambia. Ulirekebisha seva au ulimhamisha mteja?

Mkesha
Seva, dada. Ila kwa dakika kama tano hivi, kwa hasira, mteja alikuwa anagonga 36895 na kila kitu kinafanya kazi.