Mjadala: Mwindaji wa kwale apimwe kwanza kama anamtambua ndege?

Mkazi wa Mikindani: Napendekeza kibali cha kuwinda kwale kisitolewe mpaka mwombaji aonyeshe kwamba anawatofautisha kwa maumbile yao, kwa sababu kwale wa Udzungwa, anayeishi katika misitu michache ya milimani kama Ndundulu na Nyumbanitu, ana uso na koo la rangi ya kutu na mdomo mwekundu, na kwa mbali mtu aliyezoea kwale wetu wa shingo nyekundu atadhani ni yuleyule. Najua pia kwamba huku kusini ndege hutambuliwa akishaiva.

Mwana wa Rondo: Ndugu, sentensi hiyo ya mwisho ungeimeza. Mtoto wa Lindi anayechunga mbuzi anajua kwamba kwale wetu ana koo tupu lisilo na manyoya, miguu myekundu, na dume ana kipi, yaani ule mwiba wa mguuni kama wa jogoo. Huyo wa Udzungwa koo lake lina manyoya, miguu yake ni ya njano, na kipi hana kabisa. Wa kupimwa ni nani hapo?

Mstaafu wa Nachingwea: Miguu utaionaje, mwanangu, naye anapekua majani makavu chini ya miti? Hata watafiti kutoka Denmark walimshtukia mwaka 1992 kwa miguu iliyokuwa ndani ya sufuria kambini.

Mwana wa Rondo: Shikamoo mzee. Ilikuwa 1991, mwaka 1992 ni wa kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, na jina la kisayansi lilitangazwa 1994. Sufuria hiyo, naomba izingatiwe, haikuwa ya Lindi.

Mkazi wa Mikindani: Nilitania tu, ila naona umeumia.

Binti Masasi: Kaka zangu, mnagombea sufuria na ndege amesahauliwa. Dume na jike wa kwale huyo wanafanana, kwa hiyo hata mwindaji mwungwana anayetaka kumwacha jike hana alama ya kumwongoza, na kifuani wote wana madoa meusi juu ya kijivu. Zaidi ya hayo, ndugu zake wa karibu wako Asia, si hawa kwale wetu, na anayemnasa hutumia mtego wa kamba, wala hakuombi kibali. Sasa huo mtihani wenu atafanyiwa nani?

Mwana wa Rondo: Aanze aliyesema tunamtambua akishaiva.